Maswali yenu: Naipenda dharura, mbona natamani kuihama?

Swali: Mimi ni daktari wa kitengo cha dharura, mwaka wa nne sasa. Kazi naipenda, lakini kila nikitoka zamu ya usiku najiapiza sirudi. Zamu inaisha saa mbili asubuhi, natoka saa tano. Wagonjwa wananiita sista, kisha wanauliza daktari anafika saa ngapi. Nihamie kliniki ya wagonjwa wa nje? — *Daktari, Arua*

Jibu: Pole na kazi, dada daktari. Barua ya kuhama usiiandike katika wiki ya zamu za usiku. Aliyekosa usingizi kila kero huiona mlima.

Kwa wiki 6, kila ukitoka zamu andika mistari mitatu: saa uliyopaswa kutoka na saa uliyotoka, jambo lililokukera, jambo lililokuridhisha. Kero zikiwa ni kuchelewa kutoka, kukosa damu na oksijeni za wagonjwa, au kudharauliwa, basi kilichoharibika ni mpangilio wa kazi, na huo unarekebishika. Mstari wa tatu ukibaki mtupu hata baada ya likizo, na ukajikuta huwajali tena wagonjwa, hapo umechakazwa na kazi. Mwone mshauri nasaha au daktari asiye bosi wako, mapema.

Kuchelewa kwako huenda kunaanzia saa ya mwisho ya zamu. Mgonjwa mpya anaingia saa moja na nusu, majibu ya maabara hayajatoka, unashindwa kumwacha. Kubalianeni hivi: dakika 60 za mwisho, anayetoka anapokea mgonjwa wa rangi nyekundu tu, yaani aliye mahututi. Wa manjano, wanaoweza kusubiri kidogo, nesi anarudia kuwapima, na anayedhoofika anapandishwa nyekundu papo hapo. Makabidhiano yafanyike kando ya kitanda: ni nani, ana nini, kafanyiwa nini, kinasubiriwa nini, na akibadilika afanyiwe nini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, ndiyo maana unapigiwa simu ukiwa umelala.

Usiku mfululizo usizidi 3, na zamu zisonge mbele: asubuhi, mchana, kisha usiku. Kahawa na chai ya majani acha saa 6 kabla ya kulala. Ukiwa unasinzia usipande boda. Lala kwanza dakika 20 palepale hospitalini.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inataka wastani wa saa za mfanyakazi wa zamu, ukipimwa kwa wiki 3, usizidi saa 56 kwa wiki. Daftari lako litakupa hesabu hiyo. Mpelekee mkuu wa kitengo ombi moja tu, lijaribiwe wiki 6. Malalamiko kumi kwa mkupuo hayapati jibu.

Kuhusu kuitwa sista: jitambulishe kabla hujamgusa mgonjwa, “Mimi ndiye daktari wako leo,” na neno DAKTARI lisomeke kifuani kwa herufi kubwa. Katika kufufua mgonjwa simama miguuni pa kitanda, gawa kazi kwa sauti, umtaje kila mtu kwa jina. Ukiinama kutafuta mshipa wewe mwenyewe, hakuna anayejua nani anaongoza. Mzigo huu lakini si wako peke yako. Daktari mwanamume akiulizwa yeye, ajibu, “Daktari wako ni huyu,” na wenzako waombe hivyo waziwazi.

Kliniki si dhambi. Ila kama daftari litaonyesha bado unaridhika, fikiria shahada ya uzamili ya tiba ya dharura, inayofundishwa Mbarara na Makerere. Bingwa husikilizwa zamu zinapopangwa.

Swali: Siku zangu 60 za uzazi zimeisha na zamu ni ya saa 12. Maziwa ya mtoto nifanyeje? — *Mama Aisha, Gulu*

Jibu: Kamua kila saa 3 hadi 4, hata kitengo kikijaa wagonjwa. Matiti yakikaa yamejaa, maziwa hupungua na uvimbe hufuata. Tumia chupa safi yenye mfuniko, uandike saa. Mezani maziwa hukaa saa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na Gulu mchana huzidi, basi beba kikasha cha baridi chenye barafu: humo hukaa hadi saa 24. Friji ya dawa au damu usiiguse. Na kwenye orodha ya zamu liandikwe jina la atakayekushikia nafasi dakika 20. Pasipo jina, hakuna atakayekuja.