Mwezi ukipatwa: niliyojifunza juu ya slabu, Nakuru

Usiku wa Ijumaa tarehe 27 Julai 2018 nilipanda juu ya slabu ya ploti tunayoishi hapa Lanet, nikiwa na kamera ninayopigia picha za harusi. Nilishuka saa saba usiku na picha zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja niliyoweza kumwonyesha mtu. Za mwanzo zilikuwa duara jeupe kama sahani, za katikati ukungu mwekundu uliotikisika. Mwezi ulikaa mzimamzima ndani ya kivuli cha dunia dakika 103, muda mrefu kuliko wowote katika karne hii, na sayari ya Mirihi ikiwaka kando yake. Mimi nilikuwa nimeinamia kioo cha kamera nikibonyeza. Nikikumbuka bado roho inaniuma, na ndiyo sababu nakuandikia wewe unayeanza.

Tarehe 7 Septemba 2025 nilikuwa palepale, na kamera ni ileile. Nilipata picha kumi na moja ninazozipenda. Katika miaka hiyo saba nilikuwa nimeelewa kwamba mwezi ukipatwa wote, mwanga wake hupungua mara elfu kumi na zaidi, na kamera haiwezi kukufuatilia hilo peke yake. Ni wewe wa kuifuatilia, hatua kwa hatua.

Kwanza saa, maana hapo ndipo wengi hukosea hata kabla ya kushika kamera. Ratiba nyingi za kimataifa hutoa saa za dunia (UTC), siyo zetu. Ongeza saa tatu. Kilele cha 2025 kiliandikwa 18:11, na kijana mmoja wa ploti yetu akaelewa ni jioni, saa kumi na mbili na dakika kumi na moja. Akatoka nje mapema, hakuona mwezi, akarudi zake ndani kuangalia mpira. Kwetu ilikuwa saa 3:11 usiku. Andika saa hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi, ubandike mlangoni: kivuli kinapoanza kuuma, mwezi unapoingia wote, kilele, mwezi unapoanza kutoka. Usiku ule zilikuwa saa 1:27, saa 2:30, saa 3:11 na saa 3:52.

Pili mahali. Mwezi unaopatwa huwa mpevu kila mara, kwa sababu lazima dunia isimame kati yake na jua. Kwa hiyo huchomoza jua linapozama, na kuzama jua linapochomoza. Lakini pale unapochomoza hubadilika kwa miezi. Mwezi mpevu wa Septemba hutoka karibu mashariki kabisa, wa Desemba husogea kaskazini, wa Juni kusini. Nenda mwezi mpevu wowote wa majira yaleyale, simama pale unapokusudia kusimama, uone kama tangi la maji, mparachichi wa jirani au nguzo ya stima vitakuzibia. Sisi tuko jirani na ikweta, kwa hiyo mwezi hupanda karibu wima. Ukishavuka paa la jirani, haurudi nyuma yake tena.

Na huo usiku wa kukagua mahali ndio usiku wa kufanya mazoezi. Hakuna siri kubwa kuliko hii. Mwezi mpevu wa kawaida uko kila mwezi, bure, na mtu aliyeupiga vizuri mara tatu hatapapatika siku ya kupatwa. Weka kamera kwenye mipangilio ya mkono (M), uchague mwenyewe: ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100; tundu la lenzi f/8 (namba ikipungua, tundu hupanuka); kasi, yaani muda kamera inaopokea mwanga, sekunde 1/250. Ukiona mabaka meusi yamejitokeza vizuri, uko sawa. Fokasi, yaani kuufanya mwezi uonekane mkali, usiiachie kamera: kuza picha kwenye kioo, zungusha pete taratibu mpaka ukingo wa mwezi ukate kama wembe, kisha bandika kipande cha selotepu juu ya pete ili isisogee. Mwezi ukishaingia gizani kamera itatafuta fokasi na kukosa. Ile selotepu iliniokoa 2025.

Kuhusu lenzi, usikate tamaa mapema. Gawanya milimita za lenzi kwa 110, upate ukubwa wa mwezi ndani ya kamera. Lenzi ya 300 inakupa chini kidogo ya milimita tatu, na hizo zinatosha kwa picha ya kuchapisha. Lenzi ndogo ya 55 inakupa nusu milimita, ni tone tu. Basi usiing'ang'anize ikuletee mwezi mkubwa. Tumia hiyo ndogo kupiga mwezi pamoja na mtaa: paa, kamba ya nguo, mtu amesimama akitazama. Picha ninayoipenda zaidi katika zile kumi na moja ni ya namna hiyo.

Sasa usiku wenyewe. Kivuli kikianza kuuma, endelea na mipangilio ya mwezi mpevu, ukipunguza kasi kidogo kidogo: 1/125, kisha 1/60. Unapiga ile sehemu yenye mwanga, na iliyoliwa itaonekana nyeusi. Iache iwe nyeusi. Kosa langu la 2018 lilikuwa kutaka vyote viwili katika picha moja. Mwezi ukibaki ukucha tu, anza kupandisha ISO. Ukishaingia wote, fungua tundu hadi f/5.6, ISO 1600, kasi sekunde moja. Kwa lenzi ndefu usizidishe sekunde hiyo, kwa sababu mwezi unatembea angani na utauvuta uwe kama yai. Angalia matokeo kila baada ya picha mbili tatu, urekebishe. Ukianza kutoka, rudi nyuma kwa hatua zilezile, na urudi haraka, maana ukingo wa kwanza kupata jua hung'aa ghafla na kuiunguza picha.

Slabu nayo hutikisika. Kila mtoto aliyekimbia juu yake niliuona mwezi ukicheza kwenye kioo. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kiwe kimeshatoka, na usirefushe miguu ya stendi hadi mwisho. Asiye na stendi ajaze ndengu au maharagwe kwenye kifuko cha kitambaa, akiweke juu ya ukuta, alaze lenzi juu yake. Inashika vizuri kuliko stendi nyingi za bei rahisi.

Kwa wenye simu: bonyeza mwezi kwa kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza hadi duara lionyeshe mabaka. Kama unaweza kuazima darubini ya macho mawili, ifunge imara kwenye kiti, uweke lenzi ya simu kwenye tundu moja. Inachosha kulenga, lakini inafaa.

Usiku wa Nakuru ni baridi. Betri huisha upesi, kwa hiyo weka ya akiba mfukoni karibu na mwili, na uwe na kitambaa kikavu cha kupangusa umande kwenye lenzi kila baada ya nusu saa. Mawingu yakija, usifungashe. Jambo hili huchukua saa tatu na zaidi, na wingu la Nakuru mara nyingi hupita.

Usiogope kutazama. Watu waliokumbuka kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 Novemba 2013 waliniuliza kama macho yataharibika. Jua ndilo lenye hatari. Mwezi utazame kwa macho matupu, kwa darubini, hata usiku kucha. Jirani yangu Mwislamu alikuja kutoka swala ya kupatwa kwa mwezi akakaa nasi hadi mwisho, mtoto wake mapajani.

Tazama hasa kivuli kinaanzia wapi. Mzee wa nyumba ya mbele, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ndiye aliyeona kabla yetu. "Kijana wangu, mbona unaliwa kutoka chini? Kwenye picha za watu huwa ni ubavuni." Alikuwa sahihi. Mwezi huingia kivulini kwa ukingo wake wa mashariki. Kwetu, mwezi ukiwa bado unapanda, mashariki yake ndiyo chini. Ulaya, wakiutazama upande wa kusini, ukingo huohuo uko kushoto. Mwanga nao ulirudi kwa chini vilevile.

Tena tazama rangi. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya pembezoni mwa hewa ya dunia ukapindwa hadi mwezini. Ni macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja, yamemulika jiwe. Hewa ikiwa chafu, mwezi hufifia. Baada ya volkano ya Pinatubo, Ufilipino, kulipuka mwaka 1991, mwezi wa Desemba 1992 ulipatwa ukawa mweusi karibu usionekane. Dakika za kwanza na za mwisho utafute pia utepe mwembamba wa buluu ukingoni, unaotokana na tabaka la ozoni. Kamera huuona kuliko jicho. Lakini ukishapiga picha chache za kilele, achana na kamera kwa dakika kumi. Nyota zilizokuwa zimefichwa na mbalamwezi hutokea zote. Mimi 2018 nilizikosa.

Alfajiri ya Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026 kuna kupatwa kwa sehemu. Kivuli kinaanza saa 11:34, mwezi ukiwa chini magharibi, na utazama kabla ya kilele. Hapa kwetu milima ya Mau itauchukua mapema. Wa Kisumu wana nafasi nzuri zaidi, magharibi yao ni ziwa. Simameni Dunga au popote penye maji wazi, na safari hii kivuli kitaanzia juu.

Kwa kupatwa kwa mwezi wote jioni, subirini mkesha wa Mwaka Mpya, tarehe 31 Desemba 2028. Mwezi utachomoza ukiwa umeshaliwa sehemu, na kuanzia kama saa 1:16 usiku utakuwa mwekundu kwa dakika 71. Utatokea kaskazini ya mashariki, na kutoka kwenye slabu yetu mparachichi wa jirani uko palepale. Nimeshaongea na mwenye nyumba ya pili, mlango wa ngazi zake ataniachia wazi.