Kipimo cha Utumbo Mpana Kilichoishia Njiani

Mara ya kwanza nilipofanyiwa kolonoskopi, daktari aliufikisha mpira wenye kamera karibu nusu ya utumbo mpana kisha akauchomoa, kwa sababu mbele yake hakuona kitu ila uchafu. Kipimo hiki huhesabiwa kuwa kimekamilika pale tu kamera inapofika mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia, palipo na kidoletumbo. Nilikuwa nimelipa na kushinda njaa, nikarudi nyumbani bila jibu.

Kosa kubwa lilikuwa langu, ingawa karatasi ya maelekezo niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu tu. Siku mbili kabla nilikula makande na mapera, nikaendelea kumeza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo hukifanya choo kiwe cheusi na chenye kunata, na dawa yote ya kusafisha tumbo nikainywa jioni ili nipate kulala. Kumbe usiku kucha utumbo mdogo huendelea kumimina majimaji yake upande ule ule wa kulia, na kufikia asubuhi ukuta wa utumbo huwa umekwisha kufunikwa tena.

Mara ya pili nilikula wali mweupe, mayai na samaki kwa siku tatu, na vidonge nilikuwa nimeviacha wiki moja nyuma kwa idhini ya daktari. Nusu ya dawa niliinywa jioni na nusu nyingine kuanzia saa kumi alfajiri, ikiwa baridi (ladha yake, kusema kweli, haizoeleki), hadi chooni yakatoka maji ya manjano yasiyo na tope. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asijipangie mwenyewe, aulize mapema.

Lipo pia jambo ambalo mara ya kwanza sikuulizwa wala sikulitaja: niliwahi kutolewa kizazi. Makovu ya upasuaji wa namna hiyo huweza kuugandisha utumbo na kuupinda vibaya, na wanawake, hasa wembamba, huwa wagumu kupimwa hata bila makovu. Safari hii daktari alipojua, alichagua mpira mwembamba zaidi, akanigeuza kutoka ubavu wa kushoto nikalala chali, huku muuguzi akinikandamiza tumbo kwa kiganja kila mpira ulipojikunja.

Ukimaliza, omba ripoti yenye picha ya tundu la kidoletumbo. Yangu ninayo, na tundu lenyewe ni dogo, limekunjamana kama kitovu.