Maswali ya msiba: kabla gari la maiti halijafika

Baba amefariki nyumbani usiku, aliugua muda mrefu. Tufanye nini kabla gari halijafika? (Mbagala)

Kwanza mlazeni chali, kichwa kiinuke kwa mto mmoja. Kichwa kikiwa chini damu hushukia usoni, na ikishatulia kwa saa 8 hadi 12 ule weusi hautoki tena. Mfumbeni macho kwa ncha za vidole, mshikilie kope dakika chache. Kunjeni taulo mliweke chini ya kidevu ili mdomo ufunge, kisha nyosheni mikono na miguu. Msizidishe muda wa saa 2 tangu afariki, maana mwili huanza kukakamaa kwenye kope na taya, na mvalishaji akichelewa itabidi atumie nguvu. Toeni mablanketi, washeni feni. Pete na saa zivuliwe mbele ya ndugu wawili na ziandikwe. Kukipambazuka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa.

Kama kifo ni cha ghafla au kuna jeraha, msimwoshe wala msimsogeze. Iteni polisi.

Jeneza shilingi ngapi? (wengi)

Bila kipimo hakuna bei. Mpimeni akiwa amelala, kuanzia utosini hadi ncha za vidole vya miguu, kwa sababu nyayo hulala na urefu huzidi ule wa kusimama. Ongezeni sentimita 5 kila upande. Upana upimwe viwiko vikiwa ubavuni. Jeneza fupi humkunja marehemu magoti, na hakuna mfiwa anayestahili kuliona hilo. Tena vishikio vya majeneza mengi ya bei nafuu ni urembo tu: bebeni kwa chini.

Kibali cha mazishi si ndicho cheti cha kifo?

Sicho, na tunalirudia hili kila mara. Kibali kinaruhusu kuzika. Cheti kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kifo husajiliwa ndani ya siku 30. Mkipuuza, mtaumia kwenye mirathi na benki.

Marehemu ni Muislamu, anazikwa kesho. Lazima apigwe dawa ya kuhifadhi mwili?

Si lazima, ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 unatosha. Semeni mapema, mwili ukipokelewa tu.

Tunampeleka mama Bukoba kwa gari kutoka Dar. Barafu itatosha?

Haitatosha. Ni zaidi ya kilomita 1,300, na barafu hupoza ngozi huku tumbo, ambako uharibifu huanzia, likibaki na joto. Hewa hujaa, maji hutoka puani na mdomoni, na nguo mlizomchagulia zinaharibika kabla hamjafika.

Safari hiyo inataka dawa. Hupitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo au paja, lita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kisha tumbo na kifua hutolewa maji. Iagizeni ifanyike jioni ya kuamkia safari, mwili ulale na dawa, avalishwe asubuhi. Wanaovalisha papo hapo ndio wanaofikisha marehemu akiwa amelowa. Na njiani msifungue jeneza kila kituo ili ndugu waage. Lifunguliwe mara moja, nyumbani.

Kampuni ya mazishi ya familia ina huruma kuliko kubwa? (Tabata)

Baadhi, ndiyo, lakini msiiamini picha ya babu mwanzilishi ukutani. Ombeni karatasi moja yenye bei zote kabla mwili haujaguswa: siku za mochwari, dawa, kuosha, kuvalisha, jeneza, gari, na saa za gari kusubiri. Anayesema "tutaelewana baadaye" anajua hamtabishana naye mbele ya jeneza. Ulizeni kama anayepokea simu usiku ndiye atakayekuja, na ni nani kwa jina atakayemwosha mama yenu. Nanyi wekeni msemaji mmoja, maana ndugu watatu wakiagiza, bili tatu zitakuja.

Mkimsikia mhudumu akimwita marehemu "mzigo", mhamisheni marehemu hata kama amekwisha kulala pale siku mbili. Mtalipia siku hizo na huduma mliyopata, basi.