Tunachangia gari la wagonjwa: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Kijiji chetu kina zahanati, lakini hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mbali, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Mwaka huu tumempoteza mama kijana aliyefia njiani kwa kutoka damu baada ya kujifungua. Kwa uchungu huo tumeanza kuchangishana tununue gari letu la wagonjwa. Baadhi yetu wanaona fedha hazitatosha, wengine wanasema hakuna kurudi nyuma. Tunaomba ushauri wako. – Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Kuna jambo sikuliona kwenye barua yako, nalo ndilo la kwanza ningeuliza. Damu ilianza kutoka saa ngapi? Nani alitoa neno kwamba apelekwe hospitali, na usafiri uliitwa saa ngapi? Familia ikiwa tayari kuongea, kaeni nayo kwa upole muyajue hayo kabla ya kununua chochote. Si kwa ajili ya kumtafuta wa kulaumiwa, ni kwa sababu majibu hayo ndiyo yatakayowaambia fedha yenu iende wapi.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua kina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Gari linagusa ule wa katikati tu. Mimi nimekuwa mkunga kwenye vituo vidogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mara nyingi saa zilipotelea nyumbani, kabla injini haijawashwa. Mama mkwe anasema tumsubiri mume. Mume akija anatafuta wa kumkopesha nauli. Dereva anaamshwa, anasema tangi halina mafuta. Na kutoka damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke aliyekuwa na afya njema ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo sehemu ya mchango huo ifanyeni mfuko wa dharura leo hii, msisubiri itimie bei ya gari. Wenye magari na pikipiki kijijini muandikishane nao, nauli ipangwe mapema, na mfuko ndio ulipe, hata kama familia haina kitu siku hiyo. Iwepo namba moja ya simu inayojulikana na kila nyumba, na wanaoishika wapokezane zamu usiku na mchana. Kila mjamzito aseme mapema, mbele ya mumewe na wakwe, nani ataamua ikiwa mume hayupo. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na nawaomba msilione dogo.

Halafu nendeni zahanati mkaulize: sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ipo, na inatunzwa kwenye ubaridi? Dawa ya kusaidia damu igande, inayoitwa asidi ya traneksamiki, ipo? Hiyo inatakiwa itolewe ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na kila dakika inayopita inapunguza faida yake. Ulizeni pia kama wanalo shuka la plastiki la kupimia damu. Ni kitu cha kawaida kabisa: shuka linatandikwa chini ya mama, ncha yake ni mfuko wenye mistari ya vipimo, na damu yote inaingia humo. Tulizoea kukadiria kwa macho, na macho hudanganya, maana damu nyingi hunyonywa na nguo na godoro. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: palipotumika shuka hilo, pamoja na kutoa tiba zote kwa mkupuo badala ya kujaribu moja moja, matatizo makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Zahanati ikiweza kuanza tiba hizo, mgonjwa wenu atasafiri akiwa na nguvu ya kufika.

Usafiri wenyewe sasa. Kwa barabara mliyonieleza, ulizieni pikipiki yenye kitanda cha mgonjwa pembeni. Huko Mangochi, Malawi, pikipiki za namna hiyo ziliwekwa kwenye vituo vya afya vijijini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha rufaa za wajawazito ziliharakishwa kwa saa 2 hadi 4 na nusu. Bei ya gari moja la wagonjwa ilikuwa mara 19 ya pikipiki moja. Gari likishanunuliwa linadai matairi, fundi, na dereva wa usiku anayelipwa kila mwezi. Nimeona magari mazuri yakiota nyasi kwa kukosa hayo.

Na kabla hamjaondoka, pigeni simu hospitali. Daktari wa upasuaji yupo? Damu ipo? Kufika mahali mkaambiwa mwendelee mbele ni kumchosha mgonjwa bure.

SWALI: Mama, mtu akiumwa na nyoka tumfunge kamba juu ya jeraha wakati tunatafuta usafiri? – Msomaji

JIBU: Hapana. Msimfunge kamba, msimchanje, msinyonye sumu. Mvueni pete, bangili na viatu kabla kiungo hakijavimba, kifungeni kiungo hicho kwenye ubao kama cha aliyevunjika mfupa, na asitembee kwa miguu yake, mbebeni. Akitapika, mlazeni ubavu. Nyoka mwacheni aende zake, maana wengi huumwa wakimfukuza. Andikeni saa aliyoumwa, kisha pigeni simu muulize dawa ya kuzuia sumu ya nyoka iko kituo gani, mumpeleke huko moja kwa moja.