Ukungu ndani ya kioo cha mbele cha gari: washa AC, hata kukiwa na baridi

Washa AC pamoja na hita, halafu zima kile kitufe chenye mshale unaozungusha hewa ya ndani, ili ya nje iingie. AC inakausha hewa kabla haijafika kwenye kioo. Hita peke yake inaipasha moto tu, unyevu unabaki humo humo. Mimi napakia abiria Mbeya–Tukuyu, na mvua za mwezi wa nne zikishika, watu saba na makoti mabichi, bila hivyo huoni hata boneti.

Usifute kwa kiganja. Mafuta ya mkono yanabaki kwenye kioo na ukungu unarudi upesi. Safisha kwa kitambaa kikavu. Na kapeti ikilowa ianike juani, vinginevyo unahangaika bure kila asubuhi.

Ila kama waipa zinaufuta, huo uko nje: hapo punguza ubaridi wa AC. Ukiona kioo kina utelezi na harufu tamutamu, redieta ndogo ya hita inavuja, nenda kwa fundi.