Praima ya bastola kwenye risasi ya bunduki

Ndugu yangu wa Pongwe, umeuliza kama unaweza kutumia praima kubwa ya bastola (praima ni kikombe kidogo cha kitako cha risasi kinachowasha baruti) unapojitengenezea risasi za bunduki za .308. Hapana, usiitie praima hiyo kwenye ganda la .308, ingawa kipenyo chake, inchi 0.210, ni kilekile cha praima kubwa ya bunduki. Ya bastola ni fupi zaidi na kikombe chake ni chembamba, hivyo kwa mgandamizo wa bunduki kinaweza kutoboka na gesi ya moto ikarudi kuelekea usoni mwako. Fuata praima iliyotajwa kwenye jedwali la vipimo vya baruti yako, na ukibadili aina, hasa ukihamia praima za magnum, zenye moto mkali zaidi, punguza baruti kwanza, kisha uongeze kidogo kidogo. Praima zihifadhi ndani ya pakiti za kiwandani, maana unyevu wa Tanga hauzifai. Kibali cha kazi hii, naamini, unacho tayari.