Kwa mtendaji mpya wa kijiji cha kando ya ziwa

Wadogo zangu mliopangiwa vijiji vya kando ya ziwa, Sengerema, Buchosa, Magu, Ukerewe na kwingineko mkoani Mwanza, hongereni kwa ajira. Wengi mmepita Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 mnaijua kuliko sisi wengi tuliojifunzia kazini. Mnajua halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, robo yao angalau wawe wanawake, inakaa kila mwezi, na mkutano mkuu unaitishwa kila baada ya miezi mitatu. Hayo sitayarudia. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba siku inayobeba kazi yenu yote ni ile mtakayosimama mbele ya mkutano mkuu kusoma mapato na matumizi. Kijiji kinachosomewa hesabu zake kila robo mwaka kinachangia, kinajitokeza kwenye nguvu kazi na kinaheshimu sheria ndogo. Kijiji kilichomaliza mwaka bila kusomewa kinajaa maneno, na ukishapewa jina la mla fedha halitoki, hata kama hujagusa shilingi.

Anzeni na tarehe. Kijiji chenye mwalo, yaani ufukwe ambapo mitumbwi inashusha samaki, hakiendi kwa kalenda ya ukutani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa nchi kavu na wavuvi wanakaa kambini kushona nyavu. Hizo siku za mbalamwezi ndizo siku za mkutano. Ukiitisha mkutano wakati wa giza, vijana watakuwa wamelala mchana kwa sababu wamekesha majini, na wewe utaandika kwenye taarifa kwamba wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao, wamechoka tu. Saa nayo ina maana yake. Kinamama wa dagaa wanaanika asubuhi, wanageuza jua likipanda, wanaanua alasiri. Waulizeni wenyewe, siku mbili kabla, saa ipi inawafaa. Na wingu likitanda upande wa ziwa katikati ya mkutano, wakainuka wote kwa pamoja, msiwakasirikie, maana mtaji wao uko nje unaloa.

Kwa sababu hiyo hiyo, hesabu zisomwe mapema. Nimeona mikutano mingi ambayo salamu za viongozi na utambulisho wa wageni vinakula saa nzima na nusu, halafu mapato na matumizi yanasomwa kwa haraka jioni, watu wakiwa wameshaanza kuondoka. Wananchi wanaliona hilo na wanalitafsiri. Mkimaliza kufungua kikao na kuthibitisha muhtasari uliopita, nendeni kwenye fedha. Wageni watasalimia baadaye.

Namna ya kusoma ndiyo yenye uzito zaidi. Hesabu ya mistari mitano yenye "ununuzi wa vifaa" na "matumizi mengineyo" haimwambii mtu kitu, inamtia wasiwasi tu. Chukueni mfano wa boma la zahanati. Wananchi wamechangia mawe, mchanga na fedha, ukuta umefika lenta, sasa mnawaeleza fedha yao imekwendaje. Someni nondo za milimita 12 zilikuwa vipande vingapi na kila kipande shilingi ngapi. Saruji mifuko mingapi, imetumika mingapi, imebaki mingapi na ufunguo wa stoo anao nani. Gari au mtumbwi uliosafirisha umelipwa kiasi gani. Halafu mwite mwenyekiti wa kamati ya mapokezi asimame aseme kama alivihesabu mwenyewe, na fundi aseme amelipwa hadi hatua ipi. Mkimaliza, bandikeni karatasi hiyo hiyo kwenye ubao wa matangazo, kwa mwandiko unaosomeka. Kwenye senta kuna watu watakaoisoma wakipita kwenda dukani kwa wiki nzima, na maswali yao ndiyo yatakayowaandaa kwa mkutano unaofuata.

Swali moja mtaulizwa kila mara, nalo si la uchokozi: ushuru wa mwalo unakwenda wapi? Mwananchi anaona kila asubuhi mtu mwenye mashine ya POS anakata ushuru wa dagaa na sangara, anaona magari yanapakia, halafu anatazama choo cha mwalo kimejaa na darasa halina sakafu. Jibuni kwa kutenganisha. Ushuru ule ni mapato ya halmashauri ya wilaya, unaingia benki kwa namba ya malipo, nao hauko mfukoni mwa kijiji. Kijiji kina mapato yake: michango iliyopitishwa na mkutano mkuu, faini za sheria ndogo, pango la majengo ya kijiji kama yapo, pamoja na gawio ambalo halmashauri inarudisha. Gawio hilo liandikieni barua kwa mweka hazina kupitia kwa mtendaji wa kata, nakala mkae nayo, na mkutanoni msome tarehe ya barua na majibu yake. Hata majibu yakiwa kwamba fedha bado, mwananchi akiona barua ipo anajua kuna mtu anamfuatilia haki yake.

Kama mmepewa POS wenyewe, msikilizeni kaka yenu hapa kwa makini kuliko kote. Msitumie fedha mbichi, yaani makusanyo ambayo hayajapelekwa benki. Itakuja siku kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku, au mgeni kutoka wilayani anataka mafuta ya pikipiki, na fedha ya ushuru iko mezani. Kila mtu atakuambia utairudisha. Deni la POS halisahauliki, linabaki kwenye mfumo kwa jina lako, na mkaguzi atalikuta. Fedha ya makusanyo ipelekwe benki au kwa wakala kwa namba ya malipo ndani ya muda uliopangwa na halmashauri yenu, na dharura itafutiwe njia nyingine. Jambo dogo lakini lina faida: risiti za mashine hizi maandishi yake yanafutika, hasa zikikaa kwenye joto. Namba ya risiti, tarehe na kiasi viandikeni kwenye daftari siku hiyo hiyo, na zile za malipo ya benki mzitoe nakala.

Sasa muhtasari. Vijana wengi wanauona kama kazi ya ukarani, wanaandika kwenye karatasi za kuchana ili waje kuunakili vizuri baadaye. Uandikwe kwenye daftari la kudumu, kurasa zikiwa na namba, mahudhurio yakiwa na majina na sahihi, akidi imetajwa, maazimio yamepewa namba na mtu wa kuyatekeleza. Usainiwe na mwenyekiti na mtendaji. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu kila kitu kijiji kinachokiomba nje kinaombwa kwa muhtasari. Boma likifika lenta na mnataka halmashauri imalizie, watauliza muhtasari. Vikundi vikiomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, utambulisho wao unaanzia kwenu. Sheria ndogo ya usafi wa mwalo haiwi sheria kama haikupita mkutano mkuu ikaenda kuidhinishwa na baraza la madiwani.

Ndani ya muhtasari kuna kipengele kinachoitwa yatokanayo, na hapo ndipo mtendaji anapojulikana. Ni maelezo ya yale yaliyoazimiwa mara iliyopita yamefikia wapi. Nyie hakikisheni kila azimio lina jibu, hata kama ni "limeshindikana kwa sababu hii". Mzee wa kijiji aliyesimama miezi mitatu iliyopita akalalamikia mifugo kunywa kwenye kisima cha watu atakuwa amekaa pale mbele anasubiri kusikia neno lake limetajwa. Likitajwa, huyo ndiye atakayekuwa upande wako siku ya mchango.

Kuhusu mwenyekiti, kumbukeni amechaguliwa na wananchi na nyie mmeajiriwa. Wenyeviti walio madarakani walichaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 kwa miaka mitano. Yeye anaongoza kikao, wewe ni katibu na mtendaji. Tofauti zenu zimalizieni ofisini mlango ukiwa umefungwa. Nyaraka za fedha na mhuri msiviache vitembee. Mhuri wa kijiji ukizunguka na mtu kwenye begi, utakutana nao siku moja kwenye karatasi ya kuuziana shamba usiyoijua.

Na mashamba ndiyo yenye hatari kubwa upande wetu wa ziwa. Viwanja vya ufukweni vina bei, watu wanakuja na fedha na haraka. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na ugawaji unahitaji idhini ya mkutano mkuu. Mtendaji na mwenyekiti wakikaa wawili na mnunuzi, hicho si kikao. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na walioidharau waliona wenyewe mwaka 2020 ziwa lilipojaa, nyumba na vyoo vikaingia majini. Mgogoro ukizuka, pelekeni kwanza baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7 na kati yao wanawake wasiopungua 3, lipatanishe. Mkiombwa kuandika barua ya kuthibitisha umiliki, nendeni shambani mkiwa na majirani wa pande zote nne, msiandike mkiwa mezani.

Mwaloni mna wenzenu, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile watu wanachokiita BMU. Kina viongozi wake na kazi yake, ikiwemo kupambana na kokoro na nyavu zisizoruhusiwa. Msigombanie nao mamlaka. Shirikianeni nao kuandika daftari la wakazi, kwa sababu kambi za wavuvi zinabadilika: tajiri anahamisha mitumbwi, vijana wanatoka Mara au Kagera wanakuja kwa msimu, na kipindupindu kikiingia mnatakiwa mjue nani analala wapi. Choo cha mwalo kiwe ajenda ya kudumu ya kamati ya huduma za jamii, si ajenda ya siku mgonjwa wa kwanza anapofikishwa zahanati.

Barua za utambulisho, kesi za mbuzi, ugomvi wa ndoa, mtoto wa shule aliyetoroka kwenda kuvua, hayo yatajaza siku zenu na mtayazoea haraka. Wekeni siku na saa za ofisi, mbandike mlangoni, mzifuate. Mtu anayetembea kutoka kitongoji cha mbali akakuta kufuli anapoteza siku nzima ya kazi. Salamu msizikimbilie: kwa Wasukuma "mwangaluka" ya asubuhi ina majibu yake na inachukua muda, na mzee aliyesalimiwa vizuri atakueleza mpaka wa shamba ambao hakuna ramani inayouonyesha.

Siku mtakayohamishwa, na mtahamishwa, fanyeni makabidhiano kwa maandishi mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa kata: daftari la mihtasari, daftari la fedha, hati za malipo, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, salio la benki la siku hiyo, mhuri, orodha ya mali, POS na ushahidi kwamba haidaiwi. Kila mmoja asaini, na nakala moja mwondoke nayo. Halafu ombeni mkutano mkuu wa mwisho, hata kama robo mwaka haijafika, mwasomee wananchi hesabu hadi siku hiyo, na mtendaji anayeingia awepo akisikiliza.